Kuti, udongo na mawese: kazi za watoto likizo ya Pasaka, mvua ikiwa haijakatika

Kosa la kwanza la likizo ya Pasaka hapa Kigoma ni kuanza na karatasi na gundi. Mvua haijakatika. Sare za shule zinashinda kambani siku mbili na bado kola ni mbichi. Kadi iliyobandikwa asubuhi inanata hadi jioni, pembe zimejikunja, na baada ya siku chache ina madoa ya ukungu. Mzazi anamlaumu mtoto kwamba hakubana vizuri, kumbe aliyekosea ni kalenda.

Maelekezo mengi yanayozunguka kwenye simu wakati huu yametoka nchi za baridi, ambako Pasaka ndiyo mwanzo wa majira ya kuchipua: theluji imeyeyuka, jua limerudi, na sungura wa karatasi anakauka dirishani kabla ya chakula cha mchana. Kwetu huu ni mkia wa mvua. Sehemu kubwa ya mkoa haina vuli na masika za kutenganisha kama Pwani. Msimu ni mmoja, unaanza Oktoba au Novemba na kuachia Aprili au mwanzoni mwa Mei. Pasaka hucheza kati ya 22 Machi na 25 Aprili, kwa hiyo haina pa kuikimbia mvua. Idi el-Fitri nayo, inayorudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, miaka ya karibuni imeangukia humohumo: mwaka 2024 Pasaka ilikuwa 31 Machi na Idi ikafuata 10 Aprili. Ujiji na Mwanga, hapa mjini Kigoma, nyumba za sikukuu hizi mbili zinapakana ukuta kwa ukuta na watoto ni walewale, basi kazi za hapa chini zinaingia kote.

Mpangilio unaofaa ni kuifuata mvua. Vinavyopenda unyevu vitangulie, yaani kuti bichi na udongo. Gundi na karatasi zingoje siku ambayo jua limetoka kabla ya saa tatu asubuhi. Kishada cha kurusha kwa upepo kiachwe kabisa hadi Juni.

Kuti la mchikichi

Mwenye mchikichi uani ana duka zima la vifaa. Asiye nao aende kwa mwenye nao, na aende kwa adabu: "Shikamoo bibi, tunaomba kuti moja la watoto, mkivuna." Hilo neno la mwisho lina maana yake. Anayevuna chikichi hukata kuti lililo chini ya mkungu ili aufikie, na makuti hayo huachwa chini yaoze. Hayo ndiyo ya kuomba. Msikubali watoto wapande kuchukua kuti changa la katikati ambalo bado limefumba, hata kama ndilo laini na jeupe kuliko yote. Mchikichi una ncha moja tu ya kukua, na panga likishuka kidogo zaidi ya inavyotakiwa, mti wote umekwenda.

Kuti moja lililokomaa lina majani zaidi ya mia, yanatosha nyumba yako na ya jirani. Shina lake lina miiba mikali karibu na mti, kwa hiyo mtu mzima ndiye wa kulikata na kuchambua majani. Watoto wapewe majani tu. Chagua yale ya katikati ya kuti. Ya ncha ni membamba, na ya karibu na shina ni mafupi na yana miiba.

Kila jani lina uti mgumu katikati. Chimba kwa ukucha kwenye ncha nene, tenganisha uti na jani, kisha vuta taratibu kuelekea ncha nyembamba. Ukivuta kwa haraka uti unakatika njiani na kuchana jani. Unabaki na vipande viwili virefu pamoja na njiti moja. Njiti zisitupwe, zina kazi mbili huko mbele.

Hapa ndipo kazi nyingi za kuti zinapoharibika bila watu kujua sababu. Jani bichi likisukwa siku hiyohiyo linapendeza sana, limebana, kijani kibichi. Siku ya nne limelegea lote, msalaba unazunguka kama feni na bangili inamtoka mtoto mkononi. Jani limepoteza maji na kusinyaa, likaacha nafasi kila mahali lilipopita juu ya jingine. Wasukaji wa mikeka hawasuki ukindu mbichi hata siku moja: wanauanika, halafu wanaulowesha kidogo wakati wa kusuka. Watoto wafanye vivyo hivyo kwa njia fupi. Tandaza vipande ndani ya nyumba penye hewa usiku mzima na mchana unaofuata, vinyauke na kupoteza mng'ao. Nusu saa kabla ya kazi vifunge kwenye kitambaa chenye maji, kilichokamuliwa vizuri. Vikirudi kuwa laini bila kutoa maji unapovibana, viko tayari.

Makali ya jani yanakata kidole kama karatasi mpya. Mfundishe mtoto kulishika kwa ubapa na kulivuta kwa kubana, asitelezeshe kidole pembeni.

Msalaba wa Jumapili ya Matawi ndio wa kuanzia, kwa sababu mtoto wa miaka 7 anaumaliza kwa kikao kimoja. Kuna namna ya kuukunja kwa jani moja refu bila kufunga, lakini inawachanganya wadogo na inahitaji jani lenye upana sawa mwanzo hadi mwisho. Hii ya vipande vitatu haisumbui. Kata cha kusimama sm 30, cha mikono sm 20, vyote upana wa sm 1.5, na uzi wa jani wenye upana wa mm 3 na urefu wa sm 40. Kwa mtoto wa miaka 4 au 5 upana uwe sm 2, vidole vyake bado havijui vitu vyembamba.

Kunja kile cha kusimama katikati upate tabaka mbili za sm 15, mkunjo ukiwa juu. Cha mikono, kunja ncha zote mbili zikutane katikati, upate sm 10. Pitisha mikono kati ya tabaka mbili za kile cha kusimama, zile ncha zilizokutana zikitazama nyuma, halafu sukuma juu hadi zibaki sm 5 kutoka kwenye mkunjo. Sasa uzi. Bana ncha yake kwa kidole gumba nyuma ya makutano, upande wa chini kushoto. Ulete mbele, ukate mshazari hadi juu kulia. Uzungushe nyuma ushuke chini kulia. Ulete tena mbele, mshazari hadi juu kushoto, kisha nyuma ushuke chini kushoto. Mbele umepata alama ya kuzidisha. Rudia mara moja zaidi, kisha penyeza ncha chini ya mizunguko ya nyuma na uivute hadi ikaze. Kila mzunguko uvutwe papo hapo. Ukiacha kuvuta hadi mwisho, unakaza wa mwisho tu na mingine inabaki imelegea chini yake.

Wakubwa kidogo, miaka 9 kwenda juu, watachoka na misalaba. Wape ukili. Waanze na vipande vitatu kama kusuka nywele, kisha vinne, kisha vitano, kila mara kipande cha pembeni kikiingia katikati kwa kupita juu ya kimoja na chini ya kinachofuata. Kipande kikikaribia kuisha, kipya kiwekwe juu yake kwa sm 5 na visukwe pamoja. Wakiunga vipande vyote mahali pamoja, ukili unakatikia hapo. Ukili wa mita moja na nusu ukizungushwa kama konokono na kushonwa kwa sindano kubwa unatoa kikapu kidogo cha kuwekea mayai ya Pasaka au tende na visheti vya Idi.

Vitu vya kuti visifungiwe kwenye mfuko wakati wa mvua, vitapata ukungu mweusi ndani ya wiki. Ning'iniza jikoni, juu ya moshi. Misalaba ikishakauka inakaa mwaka mzima, na parokia nyingi huikusanya kabla ya Kwaresima inayofuata ili ichomwe kwa majivu ya Jumatano ya Majivu. Waambie watoto waitunze kwa ajili hiyo.

Udongo, na kwa nini si unga wa chumvi

Kwanza niliondoe hili la unga wa chumvi, maana kila mwaka linarudi kwenye magrupu ya wazazi: unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, maji kikombe kimoja, kanda, finyanga, kausha. Juni na Julai ni kazi nzuri. Aprili ni hasara ya unga. Chumvi inavuta unyevu wa hewani, iwe ya Uvinza au ya dukani, zote ni ileile. Nyota iliyokaushwa ikawa ngumu kabisa inaanza kutoka jasho usiku mvua ikinyesha, inalainika, rangi inachuruzika, na asubuhi sisimizi wameshapata habari. Udongo hauna tabia hiyo, na ni bure.

Udongo mzuri uko kwenye kichuguu. Mchwa wameshachagua chembe ndogondogo, na ndiyo maana mafundi wa matofali wanaupenda. Chukua wa upande uliobomoka, usivunje kichuguu kizima mbele ya watoto wasiovaa viatu. Mchwa askari wanauma, na kichuguu kikongwe huweza kuwa na nyoka. Nusu ndoo ya lita 10 inatosha watoto watatu. Ponda, toa mawe na mizizi, nyunyizia maji hadi ushikane, funika kwa gunia bichi ulale usiku mmoja. Asubuhi ukandwe juu ya ubao dakika 10, kwa viganja, kama chapati. Kukanda kunatoa hewa na kusambaza maji sawasawa, na watoto wanaipenda sehemu hii kuliko nyingine zote, kwa hiyo usiwafanyie.

Jaribu kabla ya kuanza. Viringisha kijiti cha udongo unene wa penseli, kizungushe kwenye kidole. Kikizunguka bila kupasuka, uko sawa. Kikipasuka, ongeza maji kidogo ukande tena; kikiendelea kupasuka, udongo una mchanga mwingi, tafuta kwingine. Kikinata kidoleni kama ugali mbichi, acha wazi kwa saa moja. Na kama udongo ni wa kunata sana hata ukiwa umekauka kiasi, changanya mchanga mwembamba uliochekechwa, sehemu moja kwa tano za udongo, la sivyo utasinyaa sana na kupasuka ukikauka.

Watoto watafanya ng'ombe, sufuria, samaki wa mgebuka, simu. Waache. Sheria ni mbili tu. Ya kwanza: pasiwe na mahali panene kuliko kidole gumba cha mtu mzima. Tumbo la ng'ombe litobolewe kwa chini na kuchimbwa kwa kijiko. Ya pili: kiungo kisibandikwe hivihivi. Mguu ukiwekwa juu ya tumbo laini unashika leo na kudondoka kesho. Kwaruza pande zote mbili kwa njiti, paka uji wa udongo, kandamiza huku ukizungusha kidogo, halafu funika mshono kwa kidole. Miguu ya ng'ombe iwe minene na mifupi. Mtoto anataka mirefu, ndiyo, lakini ng'ombe wa miguu mirefu anapiga magoti ndani ya saa moja.

Kukausha ni polepole: siku mbili za kwanza chini ya kitambaa kilicholoweshwa kidogo, kisha wazi kivulini siku tano hadi saba. Ukikianika juani siku jua likitoka, nje kunakauka na kusinyaa wakati ndani bado ni bichi, na mpasuko unaanzia shingoni. Usichome kwenye jiko. Udongo ambao haujakauka hadi ndani, maji yake yanageuka mvuke na kitu kinapasuka kwa kishindo, vipande vinaruka. Vitu vya watoto vikae bila kuchomwa, vipakwe rangi ya majivu, ya unga wa mkaa au ya udongo mwekundu, kila moja ikikorogwa na uji mwepesi wa muhogo ili isifutike.

Taa ya karatasi iliyopakwa mawese

Siku jua likitoka, hii ndiyo kazi yake. Karatasi nyeupe ikinywa mafuta inapitisha mwanga, na ikinywa mawese inapitisha mwanga wa rangi ya chungwa ambao hakuna rangi ya dukani inayoufikia. Inafaa usiku wa kuamkia Idi na inafaa mkesha wa Pasaka.

Gundi kwanza. Ya unga wa ngano inafaa, lakini ya muhogo inashika zaidi na ikikauka haionekani. Unga wa muhogo uliovundikwa una chembe nyeusi, uchekeche kwa kitambaa chepesi. Weka vijiko viwili vya chakula, vilivyosawazishwa, kwenye sufuria ndogo. Ongeza vijiko vinne vya maji baridi ukoroge hadi madonge yaishe. Ni lazima yawe baridi: maji ya moto yakitangulia, kila donge linaiva nje na kubaki na unga mkavu ndani, na hakuna kukoroga kutakakolivunja. Sasa mimina maji yanayochemka, ml 250, huku ukikoroga, rudisha motoni dakika mbili. Itageuka kutoka nyeupe na kuwa ya kung'aa kama uji wa mgonjwa. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kinaichelewesha kuchacha, ingawa siku ya tatu itakuwa imechacha tu, kwa hiyo pika kidogo. Paka nyembamba. Karatasi iliyokunjamana mara nyingi imepakwa gundi nyingi, watu wanadhani ni karatasi mbovu.

Fremu ni zile njiti za kuti, zilizokauka. Kata nane za sm 12 na nne za sm 20. Funga nne fupi ziwe mraba, nne nyingine mraba wa pili, kisha nne ndefu zisimame kwenye pembe na kuunganisha miraba hiyo. Fundo la uzi litiwe tone la gundi, bila hivyo fremu inalala upande mmoja kila ukiigusa. Karatasi ya kuzungushia ni sm 50 kwa sm 20: pande nne za sm 12 zinafanya 48, na sm 2 ni za kupishana. Karatasi mbili za A4 zikiunganishwa kwa urefu zinatosha na kubakiza.

Mtoto achore karatasi ikiwa bado kavu na bapa. Penseli, mkaa na kalamu za rangi za maji vinabaki mahali pake. Peni ya kawaida ya shule haifai, wino wake unatanda ukikutana na mafuta na mwezi mwandamo unakuwa wingu. Umbo jeusi la mwezi na nyota, msalaba au mtumbwi wenye karabai, likikatwa kwenye karatasi nyeusi na kubandikwa upande wa ndani, linatokea kama kivuli usiku.

Bandika karatasi kwenye fremu, ngoja ikauke kabisa, ndipo upake mafuta. Ukibadilisha mpangilio huo umeharibu kila kitu, kwa sababu gundi ya uji haishiki penye mafuta. Mawese yachukuliwe juu ya chupa, palipo chepechepe na pekundu. Yale mazito yaliyoganda chini yanaacha mabaka meupe. Yapashe yawe vuguvugu tu. Kijiko kimoja cha chai kinatosha karatasi moja ya A4. Paka kwa pamba kutoka juu kwenda chini, subiri dakika 10, halafu futa ziada kwa kitambaa kikavu hadi kidole kikigusa kisichafuke. Ziada isipofutwa inashuka yenyewe, taa inakuwa na sakafu ya mafuta na mende wanaijua njia.

Ndani weka tochi ndogo au taa ya sola. Mshumaa hapana, hata kwa dakika moja, hata mtu mzima akiwapo. Karatasi yenye mafuta haiwaki polepole.

Na isiangikwe juani mchana. Rangi ya mawese inapaushwa na mwanga; wiki chache dirishani na taa inarudi kuwa ya manjano hafifu. Wengine wanaona hiyo ndiyo nzuri zaidi.

Liemba ya kandambili

Mtoto wa Kigoma akiambiwa atengeneze meli, ni Liemba. Inafaa ajue anachotengeneza: meli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hadi hapa, ikaunganishwa na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe wasiiache kwa adui, ikaopolewa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Meli iliyokaa chini ya Tanganyika miaka minane ikaibuka na kubeba abiria tena: watoto hawahitaji kuongezewa chumvi hapo.

Urefu wake ni kama mita 71 na upana kama mita 10. Kila mita ya meli ikiwa nusu sentimita, unapata mfano wa sm 35 kwa sm 5, hesabu nzuri ya darasa la tano. Ila mfano wa vipimo hivyo ni wa kukaa mezani, wa maboksi. Ukiutia majini ukiwa na ghorofa zake unalala ubavu. Wa kuelea unahitaji kuwa mnene kuliko ukweli.

Chukua kandambili kuukuu ya mtu mzima. Toa kamba, ziba matundu kwa vipande vya kandambili hiyohiyo. Kata mbele iwe na ncha, nyuma iwe bapa, upana sm 9. Kisu kikavu kinakwama kwenye mpira huo. Kiloweshe maji na ukate kwa mvuto mmoja mrefu. Kazi hiyo ni ya mtu mzima.

Injini yake ni mpira. Vijiti viwili vya mwanzi, unene wa penseli, urefu sm 18, vifungwe pembeni mwa kandambili kimoja kila upande, vikitokeza nyuma sm 6. Zungusha rababendi kwenye ncha hizo mbili, iwe imevutika kidogo tu. Ukanda wa tyubu ya baiskeli unatumika ukikatwa mwembamba wa mm 3. Ukiwa mpana una nguvu kuliko vijiti, na vinapinda kuelekeana hadi mpira ulegee. Kasia ni kipande cha chupa ya maji, sm 4 kwa sm 3. Kiingize katikati ya nyuzi mbili za mpira, zungusha mara 30, shikilia, weka kwenye beseni, achia.

"Mama, inarudi nyuma!" Imezungushwa upande usio wake, zungusha kinyume. Ikitetemeka tu mahali pamoja, kasia linagonga kandambili: rudisha mpira nyuma zaidi. Kasia likizunguka kwa kelele na meli haiendi, liko juu mno, linapiga hewa; shusha vijiti au weka kijiwe nyuma ili nusu ya kasia izame. Ikienda kwa mduara, kijiti kimoja kimetokeza kuliko kingine. Meli hii inafundisha zaidi ikikataa kwenda, kwa hiyo mwacheni mtoto atafute mwenyewe kabla ya kumwonyesha.

Ghorofa ni maboksi mawili ya kiberiti, bomba la moshi ni kipande cha peni iliyokwisha. Msumari wa inchi nne ukifungwa chini kwa urefu, katikati kabisa, unaizuia isipinduke.

Majaribio yafanyike kwenye beseni au karai. Maji ya pembeni mwa ziwa penye majani na konokono yana kichocho, na mtoto anayekimbiza meli yake haangalii amefika kina gani.

Mayai

Haya yanaingia mwisho kwa sababu yanafanywa asubuhi ya sikukuu. Maganda makavu ya vitunguu 12 vyekundu, lita moja ya maji, chemsha dakika 20, chuja, tia vijiko viwili vya chakula vya siki. Rangi inatoka ya kahawia yenye wekundu. Usiongeze siki ukidhani utaongeza rangi: siki inakula chokaa ya ganda, yai linatoka na mabaka ya kukwaruza. Mayai yaanze kwenye maji baridi, yachemke dakika 10, kisha yalale kwenye rangi nusu saa. Jani dogo la mlonge likibanwa juu ya yai kwa kipande cha soksi ndefu kabla ya kutiwa rangi linaacha picha yake nyeupe, mradi soksi ivutwe sana; ikilegea rangi inapenya chini ya jani.

Choya, yale maua mekundu ya kuchemsha juisi, inawashangaza wote. Maji yake ni mekundu kama damu, lakini yai linatoka la samawati au kijivu. Chokaa ya ganda inaondoa ukali wa choya, na rangi yake hubadilika ukali ukipungua. Mayai meupe ndiyo yanayoonyesha vizuri. Ya kahawia yatatoka na rangi ya tope.

Bila friji, yaliyochemshwa asubuhi yaliwe siku hiyohiyo, na yasikae mezani kwenye joto zaidi ya saa mbili. Lililopasuka likiwa kwenye rangi lisiwekwe kikapuni, liliwe palepale.

Njiti za kuti zilizobaki zifungeni mafungu na kuziweka juu ya jiko. Juni mvua ikiwa imeshakatika na upepo wa kusini umeanza, kila kishada kitazitaka mbili, ya sm 60 ya kusimama na ya sm 50 ya kukatiza, na za mwezi wa nne zilizokula moshi miezi miwili hazipindi.